Tonge la Shangazi

Gauni lilifika asubuhi likiwa limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa karatasi, na kabla chai yangu haijapoa lilikuwa limeshanishinda. Lilipita kichwani, likapita mabegani kwa kusukumana, lilipofika kifuani likagoma. Nikabaki katikati ya chumba, mikono juu, siwezi kulishusha wala kulivua, macho yamezibwa na kitenge cha zambarau cha sare ya harusi. Nilicheka. Halafu nikalia kidogo, humo humo ndani ya gauni, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniona.

Simlaumu fundi. Alinipima kama watu wanavyopimwa siku hizi. Kaka yangu Mihambo alimwita nyumbani kwake Tabora, mimi nikiwa hapa Dodoma kwenye kiti changu, na fundi akaelekeza kipimo chake kwenye kivuli changu kilichosimama sebuleni kwa kaka. Vipimo vikajiandika vyenyewe. Hakuna hata mmoja pale sebuleni aliyefikiri kwamba wanampima mtu ambaye hayupo. Mimi nilijua. Nilipoambiwa geuka nikageuka, nilipoambiwa inua mikono nikainua, na kinywa nikakifunga.

Kivuli changu ni chembamba. Kina shingo ndefu, mifupa ya mabega inayoonekana, na kiuno ambacho wifi yangu Tausi alikipigia vigelegele siku ya kwanza kukiona. Umbo lile lilichukuliwa nilipokuwa nimekonda kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yangu. Niliingia katika chumba cha kupimia tumbo tupu tangu jana yake, nikasimama kwenye duara, kamera zikanizunguka, basi. Tangu hapo ndilo linalotumika. Kila ninapovaa koti la nyuzi hapa nyumbani, nyuzi zinasoma ninavyosogea, sauti na macho yangu vinasafiri, na kule kwa kaka, kwenye ile nguzo fupi ya kioo iliyo pembeni ya kabati la vyombo, naibuka nikiwa mwanga. Nguzo hiyo tunaiita kinara, na hakuna nyumba isiyo nayo.

Mwendo unaoonekana ni wa leo, ila umbo ni la siku ile. Wahandisi wanasema umbo zima ni mzigo mkubwa mno kulisafirisha kila mara, ndiyo maana linawekwa akiba na mtu anatakiwa alihuishe mwenyewe. Koti lenyewe linakumbusha, tena kwa adabu. Kila ukiliwasha linasema, "Umbo lako ni la zamani. Ulihuishe?" Mimi jibu langu ni moja siku zote: baadaye.

* * *

Jumapili mchana walinihitaji kwenye kikao cha harusi ya Milembe, binti wa Mihambo. Nikavaa koti, nikajibu baadaye, nikasimama Tabora.

Mama alikuwa wa kwanza kuniona. Akanyanyuka kwenye kochi kwa kuguna, akaenda jikoni, akarudi na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, amevichanganya na karanga kama nilivyopenda nikiwa mtoto. Akaiweka sakafuni mbele ya kinara. Ndivyo anavyofanya kila ninapokwenda. Mama hajawahi kupatana na vivuli.

"Kula, Kalunde."

"Mama, nitakulaje na niko Dodoma?"

"Ndiyo maana unazidi kuisha. Mtu gani anakuja kwa watu halafu hali?"

"Mama, huo ni mwanga," Mihambo alisema huku anacheka.

"Mwanga mbona una maneno mengi?"

Tulicheka wote. Milembe naye alicheka, amekaa kwenye mkeka amejifunika shuka mpaka mabegani, na joto la Tabora mnalijua. Nilidhani ni haya ya bibi harusi.

Basi Mihambo akafikia jambo aliloniitia. Katika ukoo wetu binti hatoki kwa baba yake mpaka shangazi amlishe tonge kwa mkono wake, mbele ya watu, na binti naye amlishe shangazi. Mimi nililishwa hivyo hivyo. Ndoa yangu haikufika mbali, lakini utamu wa tonge lile bado naukumbuka.

"Sasa dada, kila mtu anajua kazi zako," Mihambo alisema. "Lakini hili la tonge linataka mkono. Utakuja mwenyewe, si ndiyo?"

Nilianza kujiumauma. Nikataja wanafunzi wangu wa uhandisi wa madaraja, nikataja mitihani, nikaanza kutaja na treni. Kabla sijamaliza uongo wangu Milembe alinidaka juu kwa juu.

"Baba, mwacheni shangazi. Kivuli kinatosha. Hata wakwe zangu, kina Sizya, walifanya hivyo kwa dada yao, shangazi akanyoosha mkono wa mwanga, bibi harusi akafungua mdomo, watu wakapiga makofi. Mambo yakaisha."

"Tonge la hewa!" Mama alisema. "Na mimba itakuwa ya hewa?"

"Mama!" wifi Tausi alimkemea, akiwa amejiziba uso kwa kicheko.

Wakakubaliana hivyo. Nilimpenda yule mtoto kwa kunitetea, nikahisi mgongo wangu umelegea kwa furaha. Harusi ingepita, watu wangekiona kiuno changu, na mimi ningekuwa salama kwenye kiti changu nimevaa dera.

Wengine walipotoka kwenda kuangalia mahali pa kufunga maturubai, Milembe alibaki. Akasogea karibu na kinara, akashusha sauti.

"Shangazi, nikuulize kitu. Wewe ulipokuwa unapunguza, kizunguzungu ulikifanyaje?"

"Kizunguzungu gani?"

"Ulituambia ulikuwa unakula kabichi ya kuchemsha na maji ya ndimu. Nimefuata hivyo hivyo. Fundi amelipunguza gauni la harusi mpaka amechoka. Ila nikisimama, naona giza."

Ni kweli niliwaambia. Enzi zile niliwaambia watu wote, hata ambao hawakuuliza. Nikamjibu kwa mazoea, kama mwalimu, "Nilikuwa nakaa chini kidogo mpaka kinapita."

"Sawa." Aliitikia kwa kichwa, kwa umakini kabisa. "Unajua, kila mtu ananiambia nitakonda halafu kilo zitarudi zote na nyongeza. Nawaambia, mtazameni shangazi yangu. Za kwake hazikurudi. Wewe peke yako ndiye ninayekuangalia nikitaka kukata tamaa."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nakuapia nilifungua. Lakini wakati huo huo alisimama amfuate mama yake nje, akashika hewa kama anatafuta ukuta, macho yakageuka, akaja mzima mzima upande wangu.

Nikamdaka. Yaani nilinyoosha mikono yote miwili nimdake, na mikono ikapita katikati ya mabega yake kana kwamba hayupo, wakati asiyekuwepo alikuwa mimi. Kichwa chake kiligonga sahani ya michembe. Karanga zikatawanyika sakafuni. Nilipiga ukelele uliowashtua hata majirani zangu wa Dodoma.

Mihambo alikuja mbio akamwinua. Alimwinua kirahisi mno, kama mtu anayeokota nguo. Milembe akafumbua macho, akamwambia baba yake ni joto tu, ni mawazo ya harusi. Kisha akageuza uso akakitazama kivuli changu, akatikisa kichwa polepole. Alikuwa ananiomba nisiseme.

* * *

Nilivua koti, nikakaa.

Wale ambao hawajawahi kupungua na kurudi wanadhani kilo zinarudi kwa kishindo, kwamba kuna siku mtu anaamua kujiachia. Si hivyo. Zinarudi kwa upole, kama wageni wanaojua njia. Leo umekula mkate kwa sababu umefiwa na rafiki, kesho umekula kwa sababu umechoka kuwaza mkate. Mwili uliokuwa na njaa hausahau, unaweka kila kitu akiba ukiogopa utaunyima tena. Madaktari wananieleza hayo kwa michoro ya rangi na ninayaelewa, mimi ni mtu wa mahesabu. Lakini kuelewa hakukunizuia kuona aibu. Niliona aibu kwenye ngazi, kwenye viti vyenye mikono, mbele ya kabati langu la nguo. Nikaacha kula mbele za watu, maana nilihisi kila tonge linahesabiwa. Baadaye nikaacha na watu wenyewe. Koti lilinirahisishia.

Na nitasema jingine, ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kuna wakati nilikuwa nawasha kinara changu mwenyewe hapa nyumbani ili nimtazame yule mwembamba. Kivuli kisipovaliwa husimama tu, kimetulia, kinatazama mbele. Nilikaa kitandani nikamwonea wivu kama mtu anavyomwonea mke mwenzie. Wote walimpenda yeye. Mimi nilikuwa mtu wa kumsemea maneno tu.

Sasa nifanye nini? Nilizunguka na swali hilo chumba kizima. Nikimpigia Mihambo simu nimwambie binti yako anajinyima chakula, watamkalia kooni, naye atawadanganya. Mtu mwenye njaa ya kujitakia ni fundi wa kudanganya, mimi nimehitimu. Nikimwambia mwenyewe kwa sauti tu kwamba zangu zilirudi, hataamini, macho yake yanaona kiuno. Na nikienda? Nikienda na mwili huu namvunjia kitu pekee anachokishikilia, tena kwenye harusi yake. Watu waache kumtazama bibi harusi wanitazame mimi. Nani kanipa ruhusa ya kumharibia mtoto siku yake kwa ajili ya kusafisha roho yangu?

Na nisijifanye mwema sana. Niliogopa. Niliogopa nyuso zao zikinitazama, ule muda mdogo kabla mtu hajakumbuka adabu.

Lakini kila nilipofumba macho niliiona mikono yangu ikipita ndani ya mabega yake. Kama nisingekwenda, siku ya tonge ningenyoosha mkono ule ule. Yeye angefungua mdomo, asile kitu, na watu wapige makofi. Tena nikaelewa kwa nini alinitetea kwa haraka vile mbele ya baba yake. Hakuwa ananihurumia mimi na mitihani yangu. Tonge la mwanga halina uzito, na sote wawili lilitufaa.

Asubuhi ya siku ya harusi nikachukua begi. Nikatia gauni la zambarau, nikatia nguo zangu zinazonitosha, nikaenda kituo cha treni kabla moyo haujabadilika.

* * *

Treni ya sumaku haikupi muda wa kujuta. Unaketi Dodoma na wasiwasi wako, mara unatangaziwa Tabora. Nilifika kwa Mihambo mchana wa harusi yenyewe, maturubai yameshafungwa, pilau inanukia mpaka barabarani. Kaka alikuwa langoni anapokea watu, amevaa suti iliyombana tumbo. Yeye tumbo lake halijawahi kumnyima usingizi.

"Karibu sana mama yangu," aliniambia. "Wa upande wa bwana harusi mnakaa kule kwenye turubai la bluu."

Nilijua litakuja. Hata hivyo lilinichoma.

"Mihambo," nilisema.

Alisikia sauti. Akageuza shingo kutazama nyuma yangu, kisha kushoto, akitafuta sauti ilikotoka. Kisha akanitazama usoni, na ule muda mdogo niliouogopa ukaja, nikauona wote. Halafu ukapita.

"Dada?"

"Ndiyo mimi."

Alinikumbatia palepale langoni, mbele ya wageni wa watu, akanishika kwa nguvu mpaka begi likaanguka. Nilikuwa nimesahau kwamba kaka yangu ananuka tumbaku na sabuni ya kufulia.

Mama alikuwa uani na wanawake wanaokatakata vitunguu. Wifi Tausi aliniona kwanza, kisu kikasimama. Mama akainua uso, akanikodolea macho, na kwa sauti ile ambayo haijawahi kujua kunong'ona akasema, "Umenenepa!"

Wanawake wote wakanigeukia.

"Ndiyo Mama," nilisema. "Nimenenepa."

Sikuwahi kulitamka neno hilo kwa kinywa changu. Lilitoka, na mbingu hazikuanguka.

Mama alijifuta mikono kwenye khanga, akaja, akanishika mashavu, akanishika mikono, akaniminya kiuno bila kuomba ruhusa kama mtu anayechagua kuku sokoni. Kisha akaanza kulia. "Nilidhani unaumwa," alisema. "Kila ukija umekonda vile vile, hunenepi, hukondi, huli. Nikasema mwanangu ana ugonjwa anaficha. Nilikuwa naweka sahani nikiomba Mungu siku moja nikute imepungua."

Mimi nilidhani kiuno kile kinawafurahisha, kumbe mama yangu alikuwa ananililia. Tausi alikuja akatushika wote wawili na mikono yake ya vitunguu, ikawa kilio kweli kweli.

* * *

Milembe alikuwa chumbani peke yake, wapambaji wametoka kula. Gauni lake jeupe lilining'inia mlangoni. Yeye alikuwa na khanga kifuani na sweta juu yake.

Aliniona kwenye kioo. "Samahani, mama, choo ni mlango wa..." akaanza, kisha akageuka. Akanitazama usoni, akanitazama tumbo.

"Shangazi? Una mimba?"

"Hapana. Nimenenepa."

"Tangu lini?"

"Ni zamani. Umbo lilipochukuliwa, hata msimu wa mvua haukuisha, kilo zilianza kurudi. Zimerudi zote, na nyongeza, kama walivyokuambia."

Alikaa polepole kwenye kiti. Nilimwona anarudi nyuma kichwani, kikao hadi kikao, kila aliponitolea mfano.

"Kwa hiyo nilipokuambia za kwako hazikurudi..."

"Nilinyamaza."

"Ulinyamaza! Mimi nalala na njaa nikisema shangazi aliweza, shangazi aliweza. Kumbe shangazi amekaa Dodoma anakula!" Sauti ilimpanda. "Na kwa nini uje leo? Ungeshindwa nini kungoja niolewe kwanza? Unakuja kunionyesha nitakavyokuwa, siku ya harusi yangu!"

Kila neno lilikuwa haki yake. Niliinamisha kichwa. "Nilikuja kwa sababu ulianguka na sikuweza kukudaka," nilimwambia. "Sina sababu nyingine."

Akafuta machozi kwa hasira. "Na sare yako iko wapi? Hata sare hukuvaa?"

Nikatoa gauni la zambarau kwenye begi. "Hii hapa. Imenigomea."

Alininyang'anya, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Sijui alikuwa anafikiria nini; labda alitaka kuona udogo wa kitu alichokuwa anakifukuza. Akavua sweta, akalivaa juu ya khanga. Liliteremka bila kusita. Hata na khanga ndani, lilimpwaya kifuani.

"Limenitosha," alisema, na kwa dakika moja, Mungu wangu, uso wake ulifurahi.

Nami nikamwona. Alikuwa amesimama mbele yangu yule mwembamba wangu, safari hii na damu mwilini. Shingo ile, mabega yale, kiuno kile cha vigelegele. Lakini huyu midomo yake ilikuwa imepasuka. Mikononi alikuwa ameota malaika, vile vinyweleo laini kama vya kitoto, ambavyo mwili huota ukikosa mafuta ya kujipashia moto. Kitana chake mezani kilikuwa kimejaa nywele. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi mchana kweupe.

Hapo nikakumbuka. Kivuli hakisikii baridi ndiyo maana nilisahau. Nilikumbuka nilivyokuwa navaa soksi kwenye jua. Nilikumbuka nikiokota nywele zangu bafuni, nikiwachukia wenzangu kazini kwa sababu tu wanatafuna, nikisoma kurasa za mapishi kama mtu anayesoma barua za mchumba. Yule niliyemwonea wivu alikuwa na njaa. Alikuwa na njaa kutwa kucha, na badala ya kumhurumia niliketi kitandani nikitamani kuwa yeye. Nililia pale, na safari hii sikulia kwa sababu ya mwili wangu.

"Usilie, shangazi," Milembe alisema, ameshtuka. "Sikutaka kukukosea adabu."

"Hukunikosea. Mimi nilipokuwa na saizi hiyo nilikuwa nasikia baridi muda wote."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi nasikia baridi."

Nilimrudishia sweta juu ya gauni. Tukakaa kwenye ukingo wa kitanda, kitanda kikainama upande wangu, wala sikuomba radhi.

"Zikirudi itakuwaje?" aliuliza.

"Utaumia. Sitakudanganya tena, inauma. Mimi niliumia mpaka nikajifungia ndani. Wewe usijifungie. Njoo kwangu tuumie pamoja, na tukimaliza tupike."

"Na Sizya?"

"Sizya mara ya kwanza alikukuta ukifanya nini?"

Akajikaza, lakini kicheko kikamponyoka. "Nakula chipsi mayai. Aliniomba moja nikamnyima."

"Na bado anakuja kukuoa."

"Lakini sidhani kama naweza, shangazi. Hata nikiona chakula naogopa. Wanataka nile mbele ya watu wote wale."

"Hata mimi sijala mbele ya watu tangu zianze kurudi," nilimwambia. "Tonge tu. Likitushinda tutatema kwenye khanga za Mama."

Alifikiri. Nje tulisikia ngoma zinaanza kujaribiwa.

"Basi wewe uanze," alisema.

* * *

Tulipotoka, watu walikuwa wamejaa turubai zima. Pembeni waliwekwa vinara kwa ajili ya ndugu wa mbali, na vivuli vyao vilikuwa vimesimama vimependeza. Kutokana na yale makubaliano ya Jumapili, mtu alikuwa amewasha na cha kwangu. Hakuna aliyekumbuka kukizima. Yule mwembamba alisimama pale mbele, hana wa kumvaa, ametulia, anatazama mbele kwa macho yangu.

Kwa hiyo watu wakatuona wote wawili. Minong'ono ilianza nyuma ikaja mbele. Nilisikia "ndiye yeye?" na nikasikia "makubwa!" na mtu akacheka, sijui nani, simtafuti. Jasho lilinitiririka mgongoni. Miguu ilitaka kurudi chumbani, na ingekuwa ni koti ningekuwa nimeshalivua. Milembe alinishika mkono kwa vidole vyake vya baridi, nikashindwa kukimbia.

Sahani ya ugali wa mtama na kuku ilikuwa imewekwa chini, mbele ya kinara, mahali pake pa siku zote. Mama alikuwa ameiweka huko kwa mazoea. Akaiona. Akanyanyuka kwenye kiti cha heshima kwa kuguna, akatembea mbele ya watu wote bila haraka, akainama akaichukua sahani miguuni pa yule mwembamba. Akaja akaiweka mikononi mwangu. Halafu akarudi akakaa, akalitandaza gauni lake la sare, akawatazama wale waliokuwa wananong'ona mpaka wakanyamaza.

Milembe alinawa. Akamega ugali, akaufinyanga, akauchovya kwenye mchuzi, akaweka na kipande cha kuku juu.

"Shangazi ndiye anayeanza," Mihambo alinong'ona.

"Leo anaanza yeye kula," Milembe alisema. "Fungua mdomo, shangazi."

Nikafungua. Kuku alikuwa amekolea ndimu na pilipili. Nilitafuna polepole, macho yote yakiwa kwenye mashavu yangu, nikameza. Lilikuwa tamu tonge lile; nilikuwa nimesahau kwamba chakula cha mbele ya watu kina ladha yake.

Kisha nikamega langu, dogo, la kitoto. Nikalisogeza mdomoni kwake. Alifumba macho. Midomo ile iliyopasuka ilikaza, nikangoja. Sikumsukuma, sikumwambia neno. Mkono wangu ulikaa hewani mpaka bega likaanza kuniuma, na ngoma zikanyamaza zenyewe.

Akafungua.

Alitafuna muda mrefu. Niliona koo likipanda na kushuka, machozi yakimtoka kwenye kope zilizofumbwa. Kisha, sijui kwa njaa, sijui kwa kuchoka kushindana, akaniangukia mzima mzima. Nikamdaka. Alinijaa kifuani, mikono yangu ikamzunguka, akaegemea pale pale kwenye unene wangu akapumua.

"Hilo moja," Mama alisema kwa sauti yake isiyojua kunong'ona, akisogeza bakuli la mchuzi. "Lete la pili."